Tanuri la Mitra

Novemba 11
Duka kubwa limefunguliwa mjini leo. Wametundika maputo mlangoni, na kuanzia sasa basi la bure litapita vijijini kila Jumatano kubeba wateja. Wifi yangu Tsonka alikuwa wa kwanza kupanda. Jioni akaingia kwangu na mkate uliofungwa kwenye nailoni, umeshakatwa vipande.

"Onja, wifi. Laini kama sifongo. Na bei yake nusu ya ule wa Mitra."

Nikaonja. Ni laini kweli. Ladha mbaya hauna, na nzuri pia hauna.

"Mimi ndiye naendesha gari la mikate la Mitra," nikamwambia. "Unataka niseme nini?"

"Sitaki useme. Nataka ule."

Novemba 12
Mvua. Mikate michache imerudi bila kuuzwa.

Novemba 13
Ijumaa, siku ya kupanda mlimani. Nimepeleka mikate vitongoji vyote vya juu hadi Sushitsa, ambako zamani kulikuwa na shule na sasa kuna dohani mbili tu zinazotoa moshi: ya Babu Ilko na ya Bibi Stoyna. Nyumba zao zimetenganishwa na ua wa mbao, na hawajasemeshana tangu ua huo ulipojengwa. Kila mmoja anadai uko upande wake.

"Yule mchawi bado anapumua?" Ilko aliniuliza akipokea mkate.

"Anapumua, babu."

"Bahati mbaya hiyo." Akabonyeza mkate chini, akanusa. "Mwambie Mitra ameunguza kitako tena."

Nilipofika kwa Stoyna, nikampa mkate na vidonge vyake vya presha. Naye akauliza, "Yule mbuzi mzee ameniulizia?"

"Ameuliza kama unapumua."

"Anatamani nisipumue." Akafunga mlango akiwa anatabasamu.

Shida yangu si hao wawili. Shida yangu ni Mitra. Ameniwekea sharti kwamba nisimwachie mtu mkate getini. Lazima nibishe, ningoje, nimwone mtu, nimkabidhi mkononi. Wazee wa huku wanachukua muda kufika mlangoni, na gari linaunguruma na kumaliza mafuta bure. Leo nilimwambia. Alikuwa amezama kwenye kinyunga hadi viwiko.

"Mkate wa kutundika getini unaliwa na mbwa," akasema.

"Shangazi, Sushitsa hakuna mbwa."

"Basi utaliwa na mbweha. Ngoja mtu atoke."

Mwanamke mgumu. Nadhani kukaa peke yake tangu mumewe afe kumemfanya apende kuamuru.

Novemba 25
Mwenyekiti wa kijiji, Raicho, alikuja bekarini mchana na kofia mkononi. Nyumba ya wazee ya mjini haitachukua tena mikate ya Mitra. Wamepata kiwanda cha mikate.

"Si mimi, Shangazi. Ni mambo ya zabuni. Mikono yangu imefungwa."

Mitra hakuacha kukanda. "Raicho, mkate wa harusi yako nani aliuoka?"

"Wewe."

"Na wa ubatizo wa binti zako?"

"Wewe, Shangazi."

"Nilitaka kujua tu kama unakumbuka."

Akatoka. Mkate hakununua.

Nyumba ya wazee ndiyo iliyokuwa ikinunua karibu nusu ya tunachooka. Baadaye nilimwona Mitra akisimama mbele ya tanuri mlango ukiwa wazi, anatazama ndani kama mtu aliyesahau alichokijia.

Desemba 2
Basi la duka limeondoka limejaa. Wengine wamesimama.

Desemba 5
Theluji ya kwanza. Haikukaa.

Desemba 12
Gena ameachishwa kazi. Alianza kufinyanga mikate pale akiwa msichana. Mitra alimwita nyuma, kwenye magunia ya unga, wakakaa huko kidogo, kisha Gena akatoka na aproni yake imekunjwa chini ya kwapa. Anasema ataenda Uhispania kuchuma stroberi, binamu yake yuko huko.

Kwa hiyo sasa nikimaliza kugawa mikate nafanya kazi ya Gena pia. Sijui kufinyanga. Mitra ananishika mikono kutoka nyuma kama mtoto. Leo ndiyo nimeona vidole vyake kwa karibu. Viungo vimevimba, kimoja hakikunjiki kabisa. Nilimuuliza tangu lini. "Tangu nilipoanza kuulizwa," akasema.

Tsonka kaniambia nisiwe mjinga, nitafute kazi kwenye lile duka, wanatafuta watu wa kupanga rafu. Sikumjibu vibaya. Pensheni yake ikishalipa dawa na umeme haibaki kitu. Sina la kumwambia mtu kama huyo kuhusu mkate wa bei nafuu. 

Desemba 24
Mkesha wa Krismasi. Leo kila nyumba lazima iwe na mkate wa duara mezani, mzee wa nyumba auinue juu na kuumega, vipande vya kwanza viwe vya Mama wa Mungu na vya marehemu. Foleni ilianza bado giza ikafika barabarani. Watu wamevaa vizuri, wanacheka, wanapigana makofi mabegani. Hata Tsonka alikuwepo.

"Mkate wa leo hauwezi kutoka kwenye nailoni," akaniambia, kidogo kwa aibu.

Mitra aliwahudumia wote. Hakununa na hakutabasamu. Mikate ilipokwisha akafagia tanuri, akaketi kwenye gunia.

"Dafina, mwisho wa mwaka nafunga."

Nilimwambia mbona leo watu wamejaa.

"Wanakuja mara moja kwa mwaka, kama kanisani. Lakini kanisa halichomi kuni kila siku."

Mume wangu alipiga simu kutoka Ujerumani, anakofanya kazi ya ujenzi. Sikumwambia kwamba bekari inafungwa.

Desemba 31
Leo tumeoka mara ya mwisho. Nimepanda mlimani kuwaaga.

Stoyna alishika fremu ya mlango. "Na vidonge vyangu?"

"Nitakuletea kwa gari langu, bibi. Nikipata nafasi."

"Ukipata nafasi," akarudia. Hakulalamika. Akaniingiza ndani akanipa chupa ya kabichi chachu na soksi alizofuma.

Ilko akasema, "Sasa nani ataniambia kama yule mchawi anapumua?"

"Si ukaangalie mwenyewe, babu. Ni kuzunguka ua tu."

"Mimi? Niende kwake?" Akatema mate pembeni. "Nitaangalia moshi wake. Moshi sihitaji kuuomba ruhusa."

Januari 4
Nimepita mbele ya bekari. Zamani kila asubuhi kijiji chote kilikuwa kikinukia mkate, nami kwa mazoea sikuwa nikiisikia harufu yake. Sasa naisikia kwa sababu haipo.

Januari 8
Nimepeleka vidonge Sushitsa na mikate ya dukani, maana mingine hakuna. Stoyna aliuminya wake kwa ngumi moja ukabaki umejikunja vilevile. Akacheka mpaka machozi, akautupia kuku. "Nitaoka mwenyewe kwenye jiko," akasema. Lakini niliona mikono yake inavyotetemeka, na unga kwenye debe ulikuwa chini kabisa. Nikasema wiki ijayo nitamletea.

Januari 15
Nilitaka kupanda leo. Theluji imeanza usiku, gari halikutoka hata uani.

Januari 16
Theluji.

Januari 17
Theluji, na upepo. Umeme umekatika.

Januari 18
Theluji imefika madirishani. Greda halijaonekana. Nimechimba njia hadi kisimani kwa beleshi, nikirudi imeshajaa tena.

Januari 20
Jumatano. Basi la duka halikuja, na lingepita wapi. Watu wamemaliza mikate ya nailoni, na unga si kila nyumba unao, kwa kuwa nani anaweka unga siku hizi. Asubuhi nikaona wanakwenda mmoja mmoja kwa Mitra, mwishowe wakawa kundi mlangoni kwake. Nami nikaenda.

Mitra alitoka amejifunga shali.

"Tanuri limepoa," akasema. "Tofali zimeingia unyevu. Kulirudishia moto ni kutwa nzima, na kuni nilizonazo ni za kunipasha mimi."

 Raicho alikuwa nyuma kabisa, anatazama viatu vyake. Ndipo Tsonka akasema, "Kuni tutaleta."

"Nani ataleta?"

"Mimi. Na huyu. Na yule." Alikuwa akiwanyooshea kidole usoni mpaka mmoja mmoja wakaitikia.

Wakaleta. Wengine walizivuta kwenye vigari vya watoto vya kutelezea, wengine walizibeba mgongoni. Mwalimu mstaafu alileta mguu wa kabati. Tuliwasha moto mdogo kwanza ili tofali zisipasuke, tukaongeza polepole. Kufikia jioni ukuta wa nyuma ulikuwa na joto ukiugusa kwa mkono.

Mitra aliuliza, "Wa juu je?"

Raicho akasema greda likija litasafisha kwanza barabara kuu. Mitra akasema hakuuliza greda, ameuliza watu. Vijana wawili walijitolea kwenda na mkate utakapoiva kesho.

Januari 21
 Nitaandika kama ilivyotokea.

Tulitoa mikate ya kwanza mchana. Watu walikula wamesimama, mkate mtupu, huku mvuke ukiwatoka midomoni. Vijana wawili wakafunga mikate kwenye blanketi wakaanza kupanda. Walirudi baada ya muda si mrefu. Upepo kwenye kona ya juu uliwaangusha, njia haionekani.

Giza lilipokuwa linaingia, mtu akaja kutoka upande wa mlima akitambaa zaidi ya kutembea. Tulidhani ni mnyama. Alikuwa Ilko. Amejifunga magunia miguuni, na gunia moja lilikuwa limepotea.

Tulimwingiza bekarini, tukamketisha mbali kidogo na tanuri kwa sababu Mitra alisema miguu iliyoganda haiwekwi motoni. Alinitafuta kwa macho, akanishika mkono. Akasema nami tu, kama wengine hawapo.

"Jumatatu nikaona dohani yake haitoi moshi. Nikasema, anabana kuni, mchoyo yule. Jumanne vilevile. Nikajiambia, Dafina atakuja Ijumaa na mkate. Atabisha hodi, atajua. Nikakaa naingoja Ijumaa, Dafina. Nimekaa kitini naingoja Ijumaa. Halafu jana nikakumbuka kwamba mkate hauji tena."

Alivunja ubao wa ule ua akapita. Stoyna alikuwa sakafuni kando ya jiko. Aliteleza akivuta kuni, nyonga ikavunjika, akajiburuta akajifunika zulia.

"Alikuwa bado hai?" Mitra akauliza.

"Alikuwa hai. Alinitambua. Akaniambia, 'Umechelewa, mbuzi mzee.'"

 Ilko akaendelea. Aliwasha jiko, akamfunika kwa koti lake, akamnywesha maji ya moto kwa kijiko. Hakuweza kumwinua. Walizungumza. Hakusema walizungumza nini. Kabla ya asubuhi Stoyna akanyamaza. Ilko akamfumba macho, akafunga mlango, akashuka.

"Nimemwachia koti," akasema, kama anayeeleza kwa nini anatetemeka.

Mitra alimmegea mkate akautia kwenye maziwa ya moto. Mzee hakuweza kushika kijiko. Tsonka akamlisha.

Watu walipoondoka nilibaki na Mitra. Nikamwambia sasa nimeelewa habari ya kubisha na kungoja.

"Nilikuambia mbwa," akasema. "Ningekuambia kifo, ungeogopa kubisha."

Nikataka aseme zaidi. Akachukua ufagio.

Januari 23
Upepo ulitulia. Wanaume walipanda wakamshusha Stoyna kwenye kigari cha kuteleza, amefungwa ndani ya zulia lake, koti la Ilko juu. Ardhi ya makaburini ilikuwa kama chuma. Waliwasha moto juu yake tangu alfajiri ndipo wakaweza kuchimba.

Mitra alioka mikate ya maziko. Kila mtu alipewa kipande kaburini, chenye asali kidogo, akasema, Mungu amsamehe. Hakuna aliyekula haraka. Raicho akahutubia. Alisema kijiji bila tanuri ni rundo la nyumba tu, kwamba tumepata fundisho, kwamba kuanzia leo kila mmoja anunue hapa. Wanawake walilia. Akamgeukia Mitra mbele ya watu wote.

"Fungua tena, Shangazi. Tunakuomba."

"Nilikuwa nimefungua," akasema Mitra. "Miaka yote hiyo nilikuwa nimefungua."

Ilko hakuwepo. Greda lilifika jana, gari la wagonjwa likampeleka hospitali.

Januari 30
Mitra anaoka tena, siku kadhaa kwa juma. Sijui kama ni kwa ajili ya maneno ya Raicho au kwa sababu tanuri lilikuwa tayari lina moto. Bekari imejaa kila asubuhi.

Februari 3
Barabara iko wazi. Basi la duka limepita nusu tupu. Nilifurahi, nakiri.

Februari 10
Basi limepita. Kwenye viti vya mbele nilimwona mke wa Raicho. Waliporudi jioni, Raicho mwenyewe alikuwa kituoni kumpokea mizigo. Mikate ya nailoni ilikuwa juu kabisa. Aliniona, akaihamishia chini ya kabichi.

Wengi walionililia mabegani kaburini wamo kwenye basi lile. Siwezi kusema ni watu wabaya. Miaka yote nimewajua, nimewapelekea mikate wakiwa na homa, wengine wamenisaidia kulichimbua gari kwenye theluji. Wanasahau tu, kama mtu anavyosahau jino likishaacha kuuma.

Tsonka hakupanda basi. Alikuja kwa Mitra akachukua mkate, nikamtazama.

"Usinitazame hivyo, wifi. Pensheni haijaongezeka. Nimeacha kahawa."

 Yule ambaye ningeapa atakuwa wa kwanza kurudi mjini ndiye aliyebaki, na nilikuwa nimeshamhukumu kichwani tangu Novemba.

Februari 17
Ilko amekatwa vidole vya miguu yote miwili. Hawezi kurudi Sushitsa peke yake. Wamempeleka nyumba ya wazee.

Februari 26
Nimepanda mlimani. Vitongoji vya chini bado vina watu, nikawakabidhi mkononi. Sushitsa sikufika, hakuna wa kumfikia. Gena kaandika kwenye simu kwamba huko wanachuma wakiwa wameinama kutwa, na mkate wa kule hauna chumvi. Mitra alinitaka nimsomee ujumbe huo mara mbili.

Anasema kuni zilizopo zitafika Pasaka. Baada ya hapo ataona. Ninapomuuliza ataona nini, ananipa trei nibebe.

Machi 5
Nimekwenda nyumba ya wazee na mkate mmoja ndani ya koti, kwa sababu vyakula vya nje haviruhusiwi. Muuguzi aliona koti limevimba. Akageuka upande mwingine.

Ilko amekonda. Wamemnyoa masharubu, nusura nimpite. Chumba chake kina vitanda vinne. Nilimtolea mkate, bado una joto kidogo. Akaupindua kama kawaida, akabonyeza chini, na mimi nikangoja aseme kwamba kitako kimeungua. Hakusema. Aliuweka usoni akakaa hivyo.

Kisha akaumega, akawapa wenzake. Wa kitanda cha dirishani alikuwa mzee mrefu ambaye, Ilko aliniambia kwa sauti ya chini, hajaongea na mtu tangu mwanawe amlete. Alishika kipande kwa mikono miwili. Alitafuna muda mrefu.

"Parvan," akasema.

Tukadhani anamwita mtu.

"Mwokaji wetu," akasema. "Aliitwa Parvan. Alikuwa kiziwi. Ulikuwa ukimwonyesha vidole, mikate mingapi."

Wa kando ya mlango akasema kwao mwokaji alikuwa Bi Lenka, alikuwa akiwaokea pia pilipili hoho na nyama ya mwanakondoo, kila nyumba na trei yake, na hakuwahi kuchanganya trei ya mtu. Alipokufa wanawe waliuza tofali. Wa tatu kwao walikuwa ndugu wawili, na tanuri lao sasa ni karakana ya matairi. Wakaendelea hivyo, wakikatizana, wakitaja majina ya watu waliokufa na vijiji ambavyo mabasi hayasimami tena, na makombo yamejaa kwenye mablanketi.

"Na huyu wenu anaitwa nani?" akaniuliza yule mrefu.

"Mitra."

"Alikufa lini?"

"Hajafa," nikasema. "Ameoka huu asubuhi."

 Walinitazama kama vile nimesema kitu kisicho na adabu. Ilko alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanamtikisika. Halafu yule mzee mrefu akakusanya makombo yote ya blanketi lake kwenye kiganja, akayala, akaniuliza kesho nitakuja saa ngapi.